Umeme ukirudi, wimbo uanzie wapi? Yale ambayo redio za Mashariki zinangojea kwa programu za muziki

Katika redio nyingi za jamii, kuanzia Uvira hadi Bunia, mfanyakazi anayekesha kuliko wote si mtangazaji. Ni ordinatere moja ya zamani iliyowekwa karibu na meza ya sauti, na ndani yake programu ya kuchezesha muziki. Inapiga jenerike ya taarifa ya habari, inapiga kwaya za asubuhi, inajaza nafasi mtangazaji akicheleweshwa na mvua, na usiku inabaki peke yake hewani mpaka mafuta ya grupu yaishe. Programu yenyewe mara nyingi ni Winamp, VLC, foobar2000 ao nyingine ya bure ambayo fundi aliileta kwenye fulashi miaka iliyopita. Hakuna aliyelipa kitu, na hakuna aliyeuliza ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Ulizo hilo lina uzito. Programu hizi zilitengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa nyumbani kwake, umeme hauzimiki, intaneti haikatiki, na wimbo ukikwama anayekosa kusikia ni yeye peke yake. Huku kwetu Mashariki zinabeba redio nzima. Tofauti hiyo njo inazaa kimya cha dakika tano hewani, komunike ya kilio inayosikika kwa taabu kati ya nyimbo mbili zenye makelele, na tena jambo linalosemwa kidogo: wasanii wa hapa ambao nyimbo zao zinapigwa kila siku bila alama yoyote kubaki.

Mambo ya kurekebisha si mengi wala si ya ajabu. Hayahusu rangi ya dirisha ao uzuri wa vitufe, vitu ambavyo watengenezaji wanapenda kubadilisha kila mara. Karibu yote yanahusu kumbukumbu.

Kwanza ni umeme

Wakaaji wa Bukavu wanaijua delestaji kuliko wanavyojua kalenda. Mtaa mmoja unapata, mwingine unangoja. Redio yenye ondilere nzuri inapata dakika chache za kukimbilia grupu. Isiyo nayo inazimika pale pale, pamoja na ordinatere.

Hapo njo kasoro inaonekana. Programu nyingi za muziki huandika kumbukumbu zao kwenye disiki pale mtu anapozifunga kwa utaratibu: orodha ya nyimbo, wimbo uliokuwa unapigwa, kiasi cha sauti. Umeme ukikatika, programu haifungwi, inakufa. Orodha ambayo mtangazaji aliipanga asubuhi kwa nusu saa, na matangazo ya wafanyabiashara yakiwa katikati kwa saa zilizolipiwa, haipo tena. Ordinatere ikiwaka, dirisha liko wazi bila kitu, na mtu anaanza kuvuta nyimbo moja moja huku wasikilizaji wakihamia redio nyingine.

VLC ilipiga hatua katika toleo lake la 2.2 la mwaka 2015, pale ilipoanza kumuuliza mtu kama anataka kuendelea fasi alipoachia. Ilikuwa hatua nzuri, lakini ya mtu anayetazama filamu. Katika toleo la 3, lililotoka 2018 na ambalo wengi wanalo hadi sasa, orodha ya nyimbo haibaki programu ikifungwa, isipokuwa mtu ameihifadhi mwenyewe kwa mkono. Kwa mwenye filamu moja hilo si kitu. Kwa redio, orodha njo kipindi chenyewe.

Dawa yake haihitaji mashine kubwa. Kila nyuma ya sekunde 20 ao 30 programu iandike faili ndogo sana yenye vitu vitatu: orodha, wimbo gani, sekunde ya ngapi. Iandike faili mpya pembeni ya ile ya zamani, na ikishamaliza njo ibadilishe majina. Kwa njia hiyo umeme ukikatika wakati wa kuandika, ile ya zamani inabaki nzima. Mafundi wa programu wanaijua njia hii, inatumika katika kazi nyingine nyingi. Ni kuileta tu kwenye muziki.

Kisha kuna jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulifikiri peke yake, kwa sababu hajawahi kukatikiwa hewani. Umeme ukirudi nyuma ya dakika nane, wimbo uanzie wapi? Rumba iliyokatika katikati haina faida kuendelea katikati. Afadhali ianze upya ao ipite kwenye inayofuata. Tangazo la biashara ao komunike iliyolipiwa lazima ianze mwanzo, kwa sababu mwenye makuta anahesabu. Kipindi kilichorekodiwa, kwa mfano mazungumzo ya afya ya dakika 30, kirudi nyuma sekunde 10 hivi, ili msikilizaji ashike tena maana. Hizo ni kanuni tatu kwa aina tatu za sauti, na programu ingeweza kuzijua kwa dosie ambamo faili imewekwa. Ombi lililoandikwa hivyo ni rahisi kuelewa kuliko kusema tu kwamba programu haikumbuki.

Ongezeko lake dogo: iweze kuanza yenyewe ordinatere ikiwaka, bila mtu kubonyeza kitu, na sauti ipande polepole. Saa nane za usiku mlinzi yuko peke yake, na mlinzi si fundi.

Disiki iliyobadilisha jina

Redio nyingi zinaweka nyimbo kwenye disiki ya nje, ile inayochomekwa kwa waya. Windows inaipa herufi, tuseme E. Siku nyingine mwandishi anachomeka fulashi yake kwanza ili kutoa mahojiano, fulashi inachukua E, na disiki ya nyimbo inakuwa F. Nyimbo zote ziko salama, hakuna hata moja iliyopotea, lakini programu inasema haizioni.

Sababu ni hivi: orodha ya nyimbo, ile faili inayoishia na M3U, ni karatasi ya anwani tu, mstari kwa mstari. Kama anwani inaanza na E na nyumba imehamia F, mjumbe anagonga mlango usio wake. Orodha hiyo hiyo inaweza kuandikwa kwa njia nyingine, kwa kusema wimbo uko katika dosie hii hii, pembeni yangu, bila kutaja herufi ya disiki. Programu kadhaa zinaweza kufanya hivyo, lakini mara nyingi mtu lazima atafute ndani ya mipangilio. Ombi ni kwamba hiyo iwe njia ya kawaida, na tena kwamba programu ikikosa wimbo kwenye E itazame yenyewe katika disiki nyingine zilizochomekwa mbele ya kukata tamaa. Kwa kungojea, fundi anaweza kuingia katika sehemu ya Windows inayosimamia disiki na kuipa disiki ya redio herufi ya mwisho mwisho, kwa mfano R, ambayo fulashi haitaikamata. Kazi ya dakika mbili, inaokoa asubuhi nyingi.

Majina ya nyimbo nayo ni msitu. Muziki mwingi unafika redioni kupitia WhatsApp, na WhatsApp inaupa wimbo jina la namna ya AUD, tarehe, kisha WA na namba. Kijana aliyetunga wimbo wake huko Baraka ao Kalehe anautuma kwa furaha, na ndani ya disiki anakuwa namba. Wenye majina makubwa nao wanapasuliwa vipande: msanii wa Goma Innoss'B anaweza kuonekana kama watu watatu, mmoja mwenye alama ya juu, mmoja asiye nayo, mwingine mwenye nafasi katikati. Franco anapatikana kwa Franco, kwa Luambo Makiadi, kwa OK Jazz na kwa TPOK Jazz. Tabu Ley na Rochereau wanakaa mbalimbali kama watu wasiojuana.

Programu za sasa zinajibu tatizo hili kwa kwenda kwenye intaneti kutafuta jina na picha ya albamu. Huku jibu hilo linakula mega, na mara nyingi haliwezi kupata kitu, kwa sababu kwaya ya kanisa la Walungu haijaandikwa katika hifadhi yoyote ya Ulaya. Linalofaa zaidi ni uwezo wa kusema mara moja kwamba majina haya manne ni mtu mmoja, na programu ikumbuke. Na masahihisho hayo yaandikwe ndani ya faili ya wimbo wenyewe, si ndani ya hifadhi ya siri ya programu. Tofauti si ndogo. Redio kadhaa za Kivu zimeporwa vyombo katika mapigano ya miaka hii. Waliokuwa na nakala ya disiki kwa rafiki ao katika redio nyingine walipata nyimbo zao tena. Lakini kama kazi ya miaka ya kuandika majina ilikuwa ndani ya programu tu, iliondoka na ordinatere.

Alama ya sebene

Hapa kuna jambo la furaha kidogo, na pengine ndilo lingemshangaza mtengenezaji wa Ulaya. Programu nyingi zinauona wimbo kama kitu kimoja: unaanza, unaisha. Wimbo wa Kongo una milango miwili. Kuna maneno, kisha kuna sebene, pale gitaa linapochukua nafasi na watu wanasimama. Nyimbo za wakubwa zinapita dakika 10 bila shida. Mtangazaji mwenye dakika tatu mbele ya taarifa ya habari anataka sebene peke yake, na anaitafuta kwa kuvuta alama ya muda mbele na nyuma, hewani, watu wakisikiliza makosa yake.

Programu za madijei, kama Mixxx ambayo ni ya bure, zinakubali kuweka alama ndani ya wimbo na kurukia hapo kwa kubonyeza mara moja. Programu za kawaida za kusikiliza zingeweza kuazima wazo hilo: alama moja, iliyohifadhiwa, yenye jina ambalo mtu anaamua mwenyewe. Vile vile nyimbo za sahani za zamani, zile ndogo, zilikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili kwa sababu upande mmoja haukutosha. Zikihamishwa kwenye ordinatere zinabaki faili mbili. Kuzishona bila kimya katikati ni jambo ambalo programu kadhaa zinaliweza kwa albamu. Kwa faili mbili zilizotoka fasi mbalimbali, kazi bado.

Sauti inayopanda na kushuka

Msikilizaji wa kijijini mwenye redio ya mawe anajua hili bila kufundishwa. Kwaya iliyorekodiwa kwa simu inasikika kwa mbali, anapandisha sauti. Unafuata wimbo mpya uliotoka studio ya kisasa, watoto wanaamka. Inakuja komunike, anapandisha tena.

Tatizo hili lina jibu tangu zamani. Mwaka 2001 lilitolewa pendekezo linaloitwa ReplayGain: programu ipime kila wimbo jinsi sikio la mtu linavyousikia, iandike namba ndani ya faili, na wakati wa kupiga ishushe ao ipandishe kulingana na namba hiyo. Wimbo wenyewe hauguswi. Mwaka 2010 umoja wa vyombo vya utangazaji vya Ulaya ukatoa kipimo chake, R128, kwa kazi ya redio na televisheni. foobar2000 inaweza kupima na kuandika namba. VLC inaweza kuzisoma namba zilizokwisha kuandikwa, lakini haipimi yenyewe. Redio inayotumia VLC peke yake inakosa faida yote, kwa sababu faili zilizotoka WhatsApp hazina namba yoyote.

Ombi hapa ni fupi: upimaji ufanyike wenyewe, polepole, wakati ordinatere haina kazi kubwa, na uwe umewashwa tangu mwanzo. Mtengenezaji atajibu kwamba wasikilizaji wa muziki hawapendi sauti yao iguswe. Ni kweli kwa yule mwenye vipaza sauti vya bei kubwa nyumbani. Basi awe na kitufe cha kuzima. Kwa sasa mambo yamegeuzwa: anayehitaji zaidi njo anayetakiwa kujua kwamba kitu hicho kipo.

Nini kilipigwa?

Sehemu hii ina uzito kuliko zote, na ndiyo watu wanaifikiria kidogo. Inchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 aprili 1986. Kulikuwa SONECA, iliyoundwa mwaka 1969. Tangu 2011 kuna SOCODA. Kazi ya shirika la namna hiyo, kwa maneno mafupi, ni kukusanya makuta kwa wanaotumia muziki, redio zikiwemo, na kuyagawa kwa waliotunga. Malalamiko ya wasanii juu ya ukusanyaji na mgawanyo ni marefu na yana habari yake. Lakini hata shirika lenye mikono safi kabisa lingekwama mbele ya ulizo moja: wiki iliyopita, redio hii ilipiga nyimbo za nani, mara ngapi?

Redio nyingi hazina jibu, si kwa ubaya bali kwa sababu hakuna aliyeandika. Mtangazaji hawezi kuongea, kupokea simu, kusoma komunike na kuandika daftari kwa wakati mmoja. Bila orodha, mgawanyo unafuata makisio, na makisio yanawaona kwanza wale wenye majina yanayojulikana Kinshasa. Mtunzi wa Shabunda anayepigwa mara nne kwa siku katika redio ya kwao hayumo.

Programu ya muziki inajua yote haya. Inajua saa, inajua wimbo, inajua kama ulifika mwisho ao ulikatwa. Tena kazi hiyo imekwisha kufanywa: tangu mwanzo wa miaka ya 2000, huduma ya Last.fm inapokea kutoka programu za muziki habari ya kila wimbo uliosikilizwa. Ina hata kanuni yake: wimbo uwe umezidi sekunde 30, na unahesabiwa ukishasikilizwa nusu yake ao dakika 4. Programu nyingi zinazo mashine hiyo tayari ndani yake, lakini zinatuma habari kwenye intaneti, nje, kwa ajili ya kumpendekezea mtu nyimbo nyingine. Kinachoombwa ni kwamba habari hiyo hiyo iandikwe kwenye disiki ya redio, katika faili rahisi inayofunguka kwenye jedwali lolote: tarehe, saa, msanii, wimbo, muda. Mwisho wa mwezi mkurugenzi wa vipindi anaitoa kwenye karatasi. Inafaa kwa watunzi, inafaa pia kwa mfanyabiashara anayedai kwamba tangazo lake halikupita.

Bila shaka, zipo programu zilizotengenezwa makusudi kwa redio, na zinaandika yote hayo. Rivendell ni ya bure, lakini inataka Linux na mtu anayeijua. LibreTime nayo ni ya bure na ilifikiriwa kwa redio ndogo; inataka mashine inayotumika kama seva na fundi wa kuitunza. Penye fundi, ni chaguo zuri kuliko kuongezea viraka programu ya nyumbani. Lakini fundi akihama ao akifuata kazi ya shirika la kigeni, redio inarudi kwenye ile ambayo kila mtu anaiweza. Njo maana maboresho kwenye programu ndogo hayakosi faida.

Nani anasikiliza maombi?

Hapa mambo yanategemea karatasi moja ambayo karibu hakuna anayeisoma: leseni ya programu.

Winamp ilianza mwaka 1997, na mwaka 1999 ikanunuliwa na kampuni kubwa ya Marekani, AOL. Mwaka 2014 ikaingia mikononi mwa kampuni ya Ubelgiji. Kwa miaka mingi watu waliomba waone maandishi ya ndani yake, yale mafundi wanayoyaita msimbo, ili warekebishe wenyewe. Tarehe 24 septemba 2024 yakawekwa wazi. Furaha haikudumu. Leseni iliyoambatana nayo ilikataza mtu kugawa toleo alilolibadilisha; warekebishaji walialikwa kuleta kazi yao kwa mwenye mali, naye njo angeamua. Mafundi walilalamika, wengine wakagundua kwamba ndani yake mlikuwa vipande vya watu wengine visivyopaswa kuonyeshwa. Haikupita mwezi mmoja, yote yakaondolewa. Fundi wa Goma aliyetaka kuongeza kumbukumbu ya umeme alirudi pale alipokuwa.

Njia nyingine ilionekana kwa programu iitwayo Amarok, ya watu wa Linux. Toleo lake la 1.4 lilipendwa sana. Lilipokuja toleo la 2, mwishoni mwa 2008, sura ilibadilika na wengi hawakufurahi. Leseni iliwaruhusu, basi kikundi kingine kilichukua mawazo na msimbo wa toleo la zamani kikatengeneza Clementine mwaka 2010. Clementine ilipoanza kulala, mwaka 2018 wengine wakaichukua na kuifanya Strawberry. Hakuna aliyemwomba mtu ruhusa. LibreTime yenyewe ilizaliwa hivyo mwaka 2017, kutoka Airtime ambayo waliokuwa wakiitunza wazi walikuwa wameipunguzia mwendo.

Kwa hiyo redio inayochagua programu leo inachagua pia kama itaweza kusikilizwa kesho. foobar2000 ni ya bure na ni nzuri, lakini msimbo wake haukufunguliwa; ombi linaenda kwa mwenye nayo, na linaishia kwake. VLC iko wazi. Tena ina faida moja kwa Wakongomani: shirika lake, VideoLAN, ni la Ufaransa, lilitokana na kazi ya wanafunzi wa École Centrale de Paris mwaka 1996, na halitafuti faida. Maombi yanaandikwa kwa kawaida kwa kingereza, lakini kati ya wanaoyasoma hawakosi wanaoelewa kifaransa.

Namna ya kuandika ombi ina maana kuliko ukali wake. Mtu anayeandika kwamba programu ni mbaya hajibiwi, na haki iko kwa anayenyamaza: wengi wa hao mafundi wanajitolea. Ombi moja lihusu kitu kimoja. Litaje toleo la programu na la Windows, liseme kilichofanywa hatua kwa hatua, kilichotarajiwa, na kilichotokea. Kwa mfano: toleo 3.0, Windows 7, orodha ya nyimbo 40 ilikuwa inapigwa, umeme ulikatika, ordinatere ilipowaka orodha haikuwepo, inaombwa ihifadhiwe kila sekunde 30, ordinatere hii inapiga muziki wa redio masaa 18 kwa siku na umeme unakatika mara kadhaa kwa wiki. Sentensi ya mwisho isiachwe. Anayesoma huko Paris hajui kwamba programu yake inashikilia redio ya watu, na akijua, foleni yake inaweza kubadilika.

Jambo la kuongeza katika barua hiyo ni ordinatere za zamani. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo ya bure tarehe 14 oktoba 2025. Mashine nyingi za redio hazina nguvu ya kupokea Windows 11. VLC 3 bado inakubali hata Windows XP. Hiyo ni heshima kubwa, na inastahili kusemwa kabla ya kuomba kingine. Tafsiri ya kiswahili kwenye vitufe nayo ingependeza, ingawa mafundi wengi wamezoea maneno ya kifaransa na haitakiwi ipite mbele ya shida ya umeme.

Redio tano zikiandika ombi moja, kila moja kwa hali yake, zinapima kuliko moja iliyoandika mara tano. Na toleo jipya likifika, jaribio lake ni jepesi: kuanzisha orodha, kungoja wimbo wa tatu ufike katikati, kisha kuchomoa waya ukutani. Kama ni laptopu, batri itolewe kwanza. Na ifanyike kwenye mashine isiyobeba arkivi za redio, kwa sababu disiki nazo hazipendi mchezo huo.